Menica na Kinyonga Aliyeishi kwa Hewa

Mikono ya Menica Bonvicina ilinukia malimau hata kanisani. Akipita kwenda kupokea komunyo, sisi wanawake wa kichochoro cha nyuma ya jikoni tulijua ni yeye bila kuinua macho, na wako waliosema kwamba hata padri huvuta pumzi ndefu zaidi anapomfikia. Alikuwa mjane mfupi, mwenye mabega mapana ya mtu aliyebeba maji tangu utotoni, na kazi yake katika jumba la Mtawala Ercolano ilikuwa kuitunza nyumba ya malimau wakati wa baridi.

Nyumba hiyo ilikuwa ndefu, na ukuta wake unaotazama jua ulikuwa madirisha matupu. Majani yakianza kupukutika kando ya mto Po, watunza bustani waliingiza humo miti yote ya malimau pamoja na vyungu vyake, na kuanzia siku hiyo hadi Pasaka Menica alikuwa halali kwingine wala haamki kwingine. Alichochea majiko ya makaa. Alifuta majani kwa maji na siki, moja moja, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukuta wa majiko, kitanda kimoja na msalaba mmoja, lakini hapakuwa na chumba chenye joto kukishinda mjini Roccalvina. Ukungu wetu ulipoteremka, ukungu ule unaoingia mpaka kwenye mifupa, kila mwenye kikohozi alipata sababu ya kwenda kumjulia hali.

Menica alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kumtazama kiumbe mwenye njaa. Mwaka wa wanajeshi, alipokuwa msichana, kijijini kwao huko vinamasini walikula magome na mizizi ya matete, na mdogo wake wa kiume alizimika mapajani pake huku taya zikitafuna, na hazina kitu cha kutafuna. Hakuwa akilisimulia hilo. Lakini tulimwona akiwamwagia shomoro makombo ya polenta yake, ule ugali wetu wa mahindi, na hata nyigu walioingia kutafuta joto aliwawekea tone la divai tamu juu ya kigae.

"Menica, na panya je?" tulimtania.

"Panya wana akili zao. Watajitafutia."

Sasa, Mtawala wetu aliwapenda wataalamu wa maumbile kama watawala wengine wanavyopenda farasi. Aliwaita kutoka Padova na Bologna, akawapa nyumba uani, kuni, na posho ya kila siku kutoka ghala la jumba: mkate, divai, mishumaa, na nyama siku zisizo za mfungo. Nao walimlipa mezani. Kila sikukuu, baada ya chakula cha mchana, matunda yakishaletwa, wawili wao walisimama na kubishana mbele yake: kwa nini barafu huelea, kama nyoka hunyonya ng'ombe, kama mawe hukua ardhini. Mtawala hakusema kamwe nani ameshinda. Mtawala hakosei, na asiyetoa hukumu hawezi kukosea. Alimega tu kipande cha mkate wake akampa mmoja wao, na watu wakaelewa. Aliyenyimwa mkate huo mara kwa mara, siku ya Mtakatifu Martino aliikuta posho yake imekatwa. Na kwetu siku ya Mtakatifu Martino ndiyo siku ya kuhama. Mikataba ya mashamba huisha, na barabara zote hujaa mikokoteni yenye magodoro, vitanda na kuku.

Mwaka ninaousimulia, mfanyabiashara mmoja wa Livorno alimletea Mtawala zawadi kutoka Tunis. Zawadi yenyewe ilikuwa kinyonga. Hapakuwa na mtu mjini aliyewahi kumwona, na siku aliyopitishwa uani ndani ya kitundu chake, kazi zote zilisimama.

"Tazama macho! Moja linatazama mbele, moja nyuma," alisema mpishi. "Kama mtoza ushuru wa darajani."

"Na anavyotembea! Anauliza ruhusa kila hatua."

"Basi huyo ni mtu wa jumbani kabisa."

Mshairi wa jumba hakukawia. Jumapili iliyofuata alisimama mezani akamwimbia Mtawala beti nyingi, na miwili katika mistari yake ilifika mpaka kwetu sisi wafua nguo:

Kinyonga hewa hushiba, hana haja ya chakula;
nasi kwako tumeshiba, neema zako twazila.

Mtawala alitabasamu. Daktari Gaudenzio, tabibu wake mzee, alitabasamu zaidi, kwa kuwa tangu ujana wake alikuwa akifundisha kwamba kinyonga huishi kwa hewa peke yake, kama wazee wa kale walivyosema. Ndipo Daktari Fulgenzio Sartirana akasimama bila kuitwa.

Huyu Fulgenzio alikuwa kijana mwembamba kutoka Padova, mgeni wa mwaka mmoja kwetu, mwenye mke mjamzito na joho lililochakaa viwiko. Alikuwa ameshanyimwa mkate mara nyingi kuliko wenzake wote. Hakuwa mjinga. Ila alikuwa mtu wa kusema jambo la kweli kwa wakati usiofaa.

"Mtukufu," alisema, "mnyama mwenye tumbo na utumbo hula kitu."

"Umemwona akila?" aliuliza Daktari Gaudenzio.

"Bado."

"Loo! Kijana anawakanusha wazee wa kale kwa jambo ambalo hata hajaliona!"

"Na wao, baba daktari, waliiona hewa ikiingia mdomoni? Ilikuwa na rangi gani?"

Wageni walicheka, na kicheko hicho kilimponza, kwa kuwa waliocheka ni walewale waliokuwa wameusifu ushairi muda si mrefu. Mtawala aliacha kutabasamu. Akaamuru jaribio. Kinyonga angewekwa ndani ya sanduku la kioo, juu limefunikwa kwa kitambaa chembamba cha melimeli kilichoshonwa ili hewa ipite na kingine chochote kisipite, na ncha za uzi zifungwe kwa lakiri na muhuri wa Mtawala. Madaktari wote wawili waliapa juu ya Injili kwamba hawatagusa sanduku wala kumtuma mtu aliguse. Sikukuu ya Martino lingeletwa mezani. Kinyonga akikutwa amekonda au amekufa, basi hewa si chakula, na Fulgenzio ataula mkate. Akikutwa amenawiri, Gaudenzio ameshinda. Na Fulgenzio? Hilo halikusemwa. Ila siku hiyohiyo msimamizi wa jumba alimwuliza kwa upole kama ana mkokoteni wake mwenyewe, au atahitaji kukodi.

Sanduku likapelekwa kwenye nyumba ya malimau, kwa sababu ya joto. Menica hakuwa mezani siku ile, wala hakuna aliyemweleza habari za kiapo. Msimamizi alimpa amri tu, haraka, huku akijifuta jasho.

"Jiko lisizimike. Kila asubuhi unyunyize matone ya maji juu ya kitambaa. Chakula, hapana. Huo muhuri ni wa Mtawala. Atakayeuchezea atatoka kwa lango la nyuma na hatarudi."

"Na akifa, bwana?"

"Akifa, amekufa. Wewe chochea jiko."

Lakini Menica alijua inavyokuwa mnyama wa Mtawala akifa. Sote tulijua. Zamani kidogo kulikuwa na mbuni bustanini, na madaktari walisema mbuni husaga chuma tumboni kama sisi tunavyosaga maharage. Mtunzaji wake, Tognino, akaamriwa amlishe misumari. Akamlisha. Mbuni akafa kwa uchungu, na aliyefukuzwa ni Tognino, pamoja na yule daktari kijana aliyekuwa akija kumtazama mbuni kila siku. Wakubwa waliotoa shauri la misumari walibaki mezani. Ndiyo maana kwetu ilikuwa kama methali: mnyama wa zawadi akifa, anayemzuru ndiye anayemfuata mlangoni.

Na aliyemzuru kinyonga alikuwa Daktari Fulgenzio. Kila siku, baada ya misa ya asubuhi, alikuja akasimama hatua kadhaa mbali na sanduku, mikono nyuma, kama mtu aliyeogopa hata kivuli chake kisiguse kioo.

"Habari yake leo, Mama Menica?"

"Yupo, daktari. Amelala vizuri."

"Hajakonda?"

"Mh. Mbavu zinaanza kuonekana kidogo."

"Zinaonekana?" Sauti yake ilipanda. Akauma mdomo. "Hata mimi naona. Maskini mnyama."

Alisema kweli, maskini mnyama. Fulgenzio hakuwa na roho mbaya, na ingawa alitaka mbavu zile zionekane, kuzitazama kulimtesa. Menica aliyaona mateso, asiijue sababu. Alichokiona yeye ni kijana mwenye mke mjamzito, anayekuja kila siku na uso wa kijivu kumwuliza kama mnyama wa Mtawala anakonda. Akamkumbuka yule daktari wa mbuni. Na kinyonga mwenyewe, ambaye Menica alikuwa ameanza kumwita Mgeni, alikuwa amepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, akishika kijiti chake kwa nguvu ya mwisho, jicho moja likimfuata Menica popote alipokwenda.

Asubuhi moja inzi alitua juu ya melimeli, kwa nje. Mgeni alifungua mdomo, ulimi ukatoka kama mshale, ukagonga kitambaa, ukarudi mtupu. Akafunga mdomo. Akatafuna polepole, mara mbili tatu, na hana kitu.

Menica aliketi chini palepale, kati ya vyungu. Kisha akaenda kuchukua sindano.

Muhuri ulikuwa kwenye ncha za uzi, na yeye hakuugusa. Alifumua mishono michache kwenye kona ya pili, penye pindo, pakatosha kupitisha vidole viwili. Inzi hawakukosekana, ukuta wa majiko umepakana na zizi, na penye joto na samadi inzi hawajui baridi. Alimkamata mmoja, akampenyeza, akaziba. Ulimi ukatoka. Mara hii haukurudi mtupu, na Menica, mtu mzima na nywele zake za mvi, alipiga makofi peke yake ndani ya nyumba ya malimau. Akaishona kona upya kwa uzi uleule. Kesho yake akafumua tena.

Rangi ikamrudia Mgeni. Akawa kijani cha jani changa la limau, kisha akaanza kunenepa mpaka shingoni.

"Habari yake, Mama Menica?"

"Nzuri mno! Tazama mwenyewe, daktari. Anang'aa."

Fulgenzio alitazama. Akapumua kwa nguvu, kitu mithili ya kuguna, akaegemea chungu.

"Usiwe na wasiwasi mwanangu," alisema Menica. "Hafi huyu. Nakuapia, hafi."

"Naona," alisema Fulgenzio, na akaondoka akiwa ameinama. Menica alidhani ni machozi ya furaha.

Ukungu ulikuwa umeshashika mto na minara yote siku aliyokuja Ippolita, mke wa Fulgenzio. Alikuja kuomba limau la kutuliza kichefuchefu. Tumbo lake lilimtangulia mlangoni. Menica alimkalisha karibu na jiko, akamkatia limau, akamnyunyizia chumvi.

"Kula pole pole, binti yangu. Lini?"

"Wanasema Noeli. Ikiwa mkokoteni hautaniharakisha."

"Mkokoteni gani?"

Ippolita alionyesha sanduku kwa kidevu. "Wa kuhama, kwa ajili ya huyo! Mnene kama padri wa kijijini. Fulgenzio hali, halali. Kila nikimwuliza ananijibu, 'Anang'aa, Ippolita, anang'aa.'"

"Lakini ndiyo vizuri! Angekufa je? Si mngefuata njia ya yule wa mbuni?"

Ippolita aliacha kutafuna. "Mama Menica, kwani hawakukwambia? Angekufa, mume wangu angekuwa ameshinda. Ye ndiye aliyesema kinyonga ana haja ya chakula. Mzee Gaudenzio kasema hewa inatosha. Na ona, hewa imetosha! Siku ya Martino wanampeleka mezani, halafu sisi ndio haoo, barabarani na godoro letu, na huyu tumboni."

Menica alishika ukingo wa jiko. Lilikuwa la moto, na hakuondoa mkono mara moja.

"Hakuna la kufanya?" aliuliza taratibu. "Kama mtu angemwambia daktari... kama kuna kitu mtu amekiona..."

"Asimwambie chochote! Ameapa juu ya Injili hatatuma mtu kugusa sanduku. Akisimama mezani na shahidi, watasema kamtuma yeye. Kufukuzwa kwa kushindwa kuna pa kwenda. Kufukuzwa kwa kiapo cha uongo, nani atatupokea?" Akainuka kwa shida. "Una mkono mwekundu, mama. Umejiunguza."

"Si kitu. Chukua malimau mengine."

Siku zilizobaki Menica hakumlisha Mgeni, lakini kinyonga aliyeshiba hakondi kwa siku chache. Alimtazama akiendelea kunawiri bila haya. Akifikiri kunyamaza, aliliona tumbo la Ippolita juu ya mkokoteni katika ukungu. Akifikiri kusema, alikiona chumba chake, kitanda na msalaba, na umri wake. Nani humwajiri mjane mzee wakati wa baridi? Kwa Fulgenzio hakuweza kwenda. Ilimpasa aseme peke yake, mbele ya watu wote, bila mtu nyuma yake.

Sikukuu ya Martino ikafika na bata wake wa kuchoma na divai mpya. Menica aliitwa abebe jiko dogo la makaa nyuma ya sanduku, mnyama asipigwe na baridi njiani. Ndivyo alivyoingia ukumbini, mwanamke ambaye hajawahi kuvuka mlango ule, akasimama karibu na ukuta huku makaa yakimwaka usoni.

Mgeni aliwekwa katikati ya meza, mnene, kijani. Wageni walipiga kelele za kustaajabu. Msimamizi alikagua muhuri akautangaza kuwa mzima. Daktari Gaudenzio alinyanyuka polepole, akifurahia kila kiungo chake kinachouma.

"Mtukufu, sina hotuba. Hotuba ni yeye."

"Na yale yaliyo chini ya kijiti je?" alisema Fulgenzio. Uso wake ulikuwa mweupe. "Tazameni sakafuni mwa sanduku. Yale ni mavi, Mtukufu. Hewa haitoi mavi."

"Mezani!" alisema bibi mmoja, akisukuma sahani yake.

"Hewa ya Padova labda," alijibu Gaudenzio kwa upole. "Yetu ya Po ni nzito. Kwa ukungu wa wiki hizi, hata mimi nimenenepa."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mtawala alinyoosha mkono kuuchukua mkate wake.

"Nimemlisha mimi."

Hawakujua sauti imetoka wapi. Menica aliweka jiko chini, akaja mbele mpaka kwenye ukingo wa zulia, akasimama hapo, asithubutu kulikanyaga.

"Nimemlisha mimi, Mtukufu. Inzi. Muhuri sikuugusa, nilifumua kona ya pili. Hakuna aliyenituma. Daktari huyu kijana nilidhani nina... nilidhani namsaidia. Alikuwa ananiuliza kama amekonda, nami nikadhani anaogopa afe, kama yule mbuni."

"Huyu anasema uongo kwa ajili ya bwana wake," alisema Gaudenzio.

"Bwana wangu ni makaa, baba. Daktari huyu hata kikombe cha maji hajawahi kuniagiza."

"Basi mlishe," mtu alisema kutoka mwisho wa meza. "Tuone!"

Wakamtafuta inzi, akapatikana mmoja dirishani, mzito kwa baridi. Menica alifumua kona, akamwingiza. Meza nzima iliinama. Lakini ukumbi wetu ni wa mawe, na jiko alikuwa ameliacha kule ukutani. Mgeni alikuwa ameanza kugeuka kijivu. Inzi alitambaa mbele ya pua yake, akapanda juu ya kijiti, akapita juu ya mguu wa kinyonga mwenyewe, na Mgeni akamtazama kwa jicho moja kama mzee anayetazama watoto wa jirani.

"Kula," alimnong'oneza Menica. "Kula, we! Leo ndiyo unaringa?"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Fulgenzio hakucheka. Alikuwa akimtazama Menica mdomo wazi, na taratibu akaanza kuelewa.

Mtawala aliuacha mkate bila kuumega. Akainuka, wote wakainuka, akatoka.

Jambo hilo halijawahi kutokea, na hakuna aliyejua maana yake, ila sehemu moja tu. Msimamizi alimfuata Menica mpaka uani. "Ufunguo wa nyumba ya malimau uwe mezani pangu kabla ya kengele ya sala ya jioni," alisema. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza: "Kwa nini hukunyamaza, mama?"

Fulgenzio naye aliwakuta hapo. "Umeniharibia jaribio," alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Lingekuwa jaribio zuri kuliko yote niliyowahi kufanya."

"Fulgenzio!" Ippolita alikuwa amekuja mbio, ameshika tumbo. "Mwanamke huyu ametoa nyumba yake mbele ya watu kwa ajili yako, na wewe unalilia sanduku?"

Fulgenzio alifunika uso kwa mikono.

Menica alikuwa akifunga shuka lake wakati alipoingia mtu kwenye nyumba ya malimau bila kubisha. Sanduku lilikuwa limesharudishwa karibu na majiko, na Mgeni alikuwa ameanza kupata rangi. Menica alidhani ni msimamizi.

"Ufunguo uko hapo juu ya chungu, bwana."

"Nionyeshe," alisema Mtawala.

Alikuwa peke yake, bila kofia, na alionekana mfupi kuliko mezani. Menica alitaka kupiga goti; akamkataza kwa mkono. Basi akaenda ukutani, akakamata inzi, akafumua kona. Hapakuwa na watu, palikuwa na joto, na ulimi ulitoka ukarudi kabla Mtawala hajapepesa jicho.

"Tena," alisema.

Akamwonyesha tena. Mara ya tatu Mtawala alitaka kumkamata inzi mwenyewe. Alimkosa. Akamkosa tena, akatukana kama mwendesha mashua, na Menica akamfundisha kuleta mkono kutoka mbele, si kutoka nyuma, kwa kuwa inzi huruka kwenda mbele. Alipompata na kumlisha, Mtawala Ercolano alicheka peke yake kwa muda mrefu. Kisha akaketi juu ya ukingo wa chungu na kicheko kikamwisha.

"Ule ushairi," alisema, "nimeshaupeleka Modena, Parma na Torino. Umechongwa kwenye medali."

Menica aliishona kona upya.

"Daktari wako atabaki. Posho yake haitaguswa. Sitasema kwa nini."

"Mungu akulipe, Mtukufu."

"Lakini wewe umechezea kitu kilichofungwa kwa muhuri wangu, na umekiri mbele ya wageni. Nikikuacha, kesho watafungua ghala langu la chumvi."

"Najua, Mtukufu. Nimeshafunga mzigo."

Mtawala aliinuka. Menica hakusogea mlangoni. Alisimama kati yake na njia, na mzigo mkononi.

"Na huyu nani atamlisha?"

"Nani?"

"Huyu Mgeni. Wote wanasema anakula hewa. Atakayekuja baada yangu ataogopa muhuri, naye atakufa. Mimi natoka, Mtukufu, natoka sasa hivi. Lakini niambie kwanza nani atamlisha."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumzibia njia Mtawala wa Roccalvina. Menica alisema kwamba alimtazama muda mrefu, kwanza kwa hasira, kisha kama mtu aliyeulizwa swali gumu mezani na hakuna wa kumgawia mkate.

"Mimi," alisema.

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanamke! Nimesema."

Ndipo akampisha.

Kuhama kwake hakukuhitaji mkokoteni. Alivuka ua na shuka lake katika ukungu, siku ambayo nchi nzima ilikuwa ikihama, hata waliokutana naye hawakujua kwamba amefukuzwa. Ippolita alikuwa amesimama mlangoni kwake na taa. Menica akakaa jikoni kwao, akampokea mtoto kabla ya Noeli, msichana, akamlea yeye na waliofuata, na Daktari Fulgenzio alichukua mwezi mzima kabla ya kumwomba radhi, na alipoomba alifanya hivyo kwa hotuba ndefu yenye sehemu tatu, mpaka Menica akamwambia, "Basi mwanangu, polenta inaungua."

Mezani mambo hayakubadilika. Kinyonga wa Mtawala aliishi kwa hewa, na mabalozi waliletwa kumtazama, na ushairi ulisomwa. Daktari Gaudenzio alikufa akiwa na heshima zake zote. Sisi wa kichochoro cha nyuma ya jikoni hatukumkanusha mtu. Ila majira yote ya baridi, kila mchana, tulimwona Mtawala Ercolano akitoka kwa mlango wa zizi na kuvuka bustani kuelekea nyumba ya malimau, bila mtumishi, ngumi moja imefumbwa kwa uangalifu, ameishikilia mbele ya kifua kama mtu anayebeba kitu kilicho hai. Tuliinamisha vichwa juu ya nguo zetu mpaka apite.